Neno la Haki Nalo Lina Saa Yake

Wazee wetu walituachia methali ambazo ukizitia katika kapu moja zitapigana. Walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Kisha wakazidi kusema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtoto wa skuli akiulizwa ni ipi katika hizo iliyo kweli, atababaika. Jawabu ni kwamba zote ni kweli, lakini kila moja ina siku yake. Na mwenye hekima si yule azijuaye zote kwa moyo, bali ni yule ajuaye leo ni siku ya ipi.

Mimi maneno haya nayajua tangu chuoni, nilipokuwa nikichapwa kwa kukosea herufi. Lakini kuyajua kwa ulimi ni jambo moja, na kuyajua kwa matendo ni jingine. Safari niliyoifanya Gede katika kaskazi iliyopita ndiyo iliyonifunza, nami nina zaidi ya miaka 50 na mvi zimekwisha kunienea. Naomba radhi kwa wasomaji kwamba leo ukurasa huu nitautumia kusema jambo la nyumbani kwangu. Nasema kwa kuwa najua si nyumba yangu peke yake yenye jambo kama hili.

Miaka 11 iliyopita marehemu baba yetu alifariki katika shamba letu upande wa Gede. Alituacha mimi, ndugu yangu mdogo na dada yetu aliyeolewa Malindi. Alituachia nyumba ya udongo na makuti, miembe michache na minazi. Siku chache kabla ya baba kutuaga nilipata habari kwamba ndugu yangu alikuwa ameweka rehani minazi 20 kwa tajiri mmoja, na baba hakujua. Siku ya tatu, siku ya hitima, wazee wameketi jamvini, kahawa inazungushwa, nami nikasimama nikalisema jambo lile mbele ya watu wote.

Nilikuwa na hoja yangu. Dini yetu inataka madeni ya maiti yatolewe kabla ya mirathi kugawanywa. Hilo limo katika Suratun Nisaa na kila aliyepita chuoni analijua. Nami niliona kwamba minazi yenye mkono wa mtu mwingine haiwezi kugawanywa mpaka mkono huo ujulikane. Kwa sheria sikukosea hata nukta. Lakini nilipomaliza kusema, ndugu yangu aliinuka, akavaa viatu vyake mlangoni, akaenda zake. Mama zetu waliokuwa ndani walinyamaza. Tangu siku hiyo hatukuamkuana. Alipooza binti yake sikualikwa, na nilipougua hakuja.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba si halali kwa Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu. Mimi siku hizo tatu nilizifanya miaka 11. Kila Ramadhani ilipoingia nilisema nitakwenda baada ya Idi, na Idi ilipopita nilisema nitangoja avunje yeye ukimya, maana mwenye haki ni mimi. Ndipo dada akanipigia simu akaniambia, "Kaka, ndugu yako hana afya. Ukingoja tena, utakuja kuzika." Asubuhi ya pili nilipanda matatu pale Mombasa, na mfukoni nilikuwa na karatasi niliyoandika usiku kucha. Yote yalikuwamo: lini minazi iliwekwa rehani, nani aliniambia, na kwa nini ilinilazimu kusema siku ile. Ilikuwa hati ya kujitetea, tena iliyopangwa vizuri.

Gede iko kiasi cha kilomita 16 kusini ya Malindi, kando ya barabara kuu, karibu na njia ya kwendea Watamu. Nilifika kabla ya adhuhuri. Shemeji alinikaribisha kwa adabu, lakini bila ya furaha. Aliniambia mume wake amekwenda Malindi kutazamwa na daktari, hatarudi hata alasiri. Sikuweza kuketi katika nyumba ile saa zote hizo tukitazamana. Nikamwambia nitarudi, nikaenda zangu kwenye magofu.

Wasomaji wengi mmepita pale, lakini ni vyema niwakumbushe. Mji ule umezungukwa na ukuta, na eneo lililo ndani ya ukuta wa nje linakaribia eka 45. Pana msikiti mkubwa wa Ijumaa, pana jumba la mfalme, pana nyumba za mawe zenye mabirika na vyoo, pana makaburi. Katika makaburi hayo liko moja lililoandikwa mwaka, nao ni 802 Hijria, sawa na 1399 Miladia. Bwana James Kirkman alianza kuchimba pale mwaka 1948, akatoa vyombo vya Kichina, shanga, mikasi na vinginevyo, hata baadhi ya nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri, nyumba ya sanduku la pembe. Mwaka 2024 magofu hayo yalitiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Nilisali adhuhuri katika msikiti wa kijijini, kisha nikarudi nikaketi chini ya mti karibu na kisima cha msikiti wa kale. Nilitazama kisima kile muda mrefu. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na wanachuoni wametaja sababu zaidi ya moja. Wapo wanaotaja vita vya Wazimba vya mwaka 1589. Wapo wanaotaja kuhama kwa mfalme wa Malindi kwenda Mombasa mwaka 1593 pamoja na Wareno, na biashara ikafuata mfalme. Wapo wanaotaja Waoromo waliotelemka kutoka kaskazini. Na wapo wanaotaja maji, kwamba yalishuka hata watu wakalazimika kuzidisha kina cha kisima. Nami nikawa nawaza juu ya mzee wa mji yule, katika baraza yake, akiulizwa na watoto wake, "Baba, tuchimbe tena au tuhame?" Kuchimba ni subira. Kuhama ni haraka. Lipi lilikuwa la hekima? Wale waliohama wakaishi walikuwa na siku yao, na wale waliochimba wakanywa nao walikuwa na yao.

Hata vile vyombo vya Kichina havikufika pale ila kwa kujua wakati. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa: kaskazi huleta, kusi hupeleka. Ukitaka ushahidi, tazama safari ya Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili mwaka 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, rubani aliyejua upepo. Chini ya mwezi mmoja alikuwa Calicut. Wakati wa kurudi hakuwa na subira ya kungoja kaskazi ikamae. Aliondoka pwani ya Hindi mwanzo wa Oktoba, akabaki baharini karibu miezi mitatu, na hata alipofika Malindi Januari 1499, mabaharia kiasi cha 30 walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa njiani. Bahari ni ile ile, vyombo ni vile vile, nahodha ni yule yule. Kilichobadilika ni siku ya kung'oa nanga.

Nilikuwa katika mawazo hayo aliponijia mzee mmoja wa Kigiriama, jirani yetu wa zamani, aliyekuwa mwalimu wa skuli na pia mwalimu wa kanisa. Tulijuana tangu baba yu hai. Alinipa mkono, akauliza habari za mji, kisha akaketi juu ya jiwe.

"Umekuja kwa ndugu yako, Ustadhi?" akaniuliza.

"Nimekuja, Mwalimu. Na hapa nangoja wakati."

Akacheka kidogo. "Wakati gani huo ambao haukupita kwa miaka 11?"

Neno hilo lilinichoma, lakini kwa kuwa alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, nilinyamaza. Akaniambia, "Nitakupa kisa kilichomo katika kitabu chetu. Nyinyi mnamjua Daudi." Nikamwambia, "Tunamjua. Kwetu ni Nabii, mwenye Zaburi." Akasema, "Basi hiki ni kisa cha kabla ya kuwa mfalme, alipokuwa akijificha jangwani na watu wake."

Akanihadithia juu ya tajiri mmoja aitwaye Nabali, mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, mtu mgumu wa tabia. Watu wa Daudi walikuwa wakiwalinda wachungaji wake wasidhuriwe. Ilipofika siku ya kukata manyoya, ambayo ni siku ya furaha na ukarimu, Daudi alituma vijana kwenda kuomba chochote. Nabali akawatukana akawarudisha mikono mitupu. Daudi akakasirika, akawaambia watu 400 wajifunge panga zao, wakaanza kutelemka kwenda kuimaliza nyumba ile.

Mke wa Nabali alikuwa mwanamke mwenye akili, jina lake Abigaili. Mtumishi mmoja alimwendea akampa habari. Hapo, alisema Mwalimu, Abigaili hakungoja hata dakika. Alitwaa mikate 200, kondoo watano waliotengenezwa, bisi na zabibu na tini, akavipakia juu ya punda, akaondoka bila ya kumwambia mumewe. Alimkuta Daudi njiani, akashuka, akainama, akamwomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake, akamwambia asiitie mikono yake katika damu ambayo kesho itamsumbua moyoni. Daudi akapoa. Akamshukuru Mungu kwa kumleta mwanamke yule.

"Sasa sikiliza," akasema Mwalimu, akanyoosha kidole. "Aliporudi nyumbani usiku ule, alimkuta mumewe katika karamu, amelewa. Habari anayo kifuani, habari ya kifo kilichokuwa njiani kuja. Mwingine angaliimwaga pale pale. Abigaili hakumwambia neno, dogo wala kubwa, hata kulipopambazuka na ulevi umemtoka. Mwanamke ni mmoja, Ustadhi, na siku ni moja. Mchana alikimbia, usiku akangoja. Hakuwa mtu wa haraka wala hakuwa mtu wa subira. Alikuwa mtu wa kutambua."

Wasomaji wataniuliza, je, unatuletea visa vya vitabu vya wenzetu? Mtume ametufunza kuhusu habari za watu wa Kitabu kwamba tusizisadiki wala tusizikadhibishe pale ambapo hatuna dalili. Nami sikukaa pale kusadiki wala kukadhibisha. Nilikaa nikiona aibu, kwa sababu lile la Abigaili la usiku ndilo lililonishinda siku ya hitima, na lile lake la mchana ndilo lililonishinda miaka 11.

Kisha nikakumbuka kwamba mafunzo haya haya sisi tunayo. Kisa cha Nabii Suleiman na wanawake wawili kimo katika vitabu vyao na kimo katika hadithi sahihi zetu, ingawa njia zake zinatofautiana kidogo. Kwao mtoto mmoja alikufa usiku kwa kulaliwa. Kwetu mbwamwitu ndiye aliyemchukua. Wanawake wote wawili wakamdai yule aliyebaki. Kwetu twasimuliwa kwamba Nabii Daud alikwisha kumhukumia mkubwa wao, ndipo Suleiman akaagiza kisu ili amkate mtoto nusu kwa nusu. Mdogo akalia, akasema usifanye hivyo, mtoto ni wake yule. Kwa kilio hicho Suleiman akajua mama ni nani. Suleiman hakuwa na shahidi zaidi ya wale wale. Alichofanya ni kungoja kidogo kabla ya kukata neno, ili kweli ipate nafasi ya kujitokeza yenyewe.

Na nani katika sisi asiyeijua Suratu Yusuf? Nabii Yusuf alipoitwa na mfalme atoke gerezani, hakutoka mbio ingawa alikwisha kukaa humo miaka. Alimrudisha mjumbe akaulize kwanza habari za wanawake waliojikata mikono, ili atoke jina lake likiwa safi. Hapo alingoja. Lakini nduguze walipokuja kukiri makosa yao, hakuwangojesha. Siku ile ile aliwaambia hapana lawama juu yao. Baba yao Nabii Yaakub, walipomtaka awaombee msamaha kwa Mola, hakuomba papo hapo bali aliwaahidi kwamba atawaombea. Wafasiri wengi wakasema aliakhirisha mpaka wakati wa sahari, ambapo dua hupokewa. Tazama basi: Yusuf aliharakisha na Yaakub akangoja, na wote wawili ni Mitume, na wote wawili walipata.

Hapo ndipo mambo yaliponikaa sawa kichwani. Msamaha ulio wa kwako kuutoa, au kosa lililo lako kulikiri, hilo halingojwi. Kila siku ikipita linazidi uzito kama gunia la chumvi lililonyeshewa. Lakini hoja yako, haki yako, maelezo yako, hayo ndiyo ya kungojewa mpaka masikio ya mwenzako yafunguke. Mimi nilikuwa nimeyapindua. Haki yangu niliiharakisha siku ya msiba, na toba yangu nikaingojesha miaka. Nilitia mkono mfukoni, nikaigusa ile karatasi, nikaiacha humo humo.

Mwalimu akainuka akajikung'uta. "Ndugu yako hushuka na matatu ya saa kumi," akasema. "Asikukute huku."

Nilirudi nyumbani, nikamkuta ndugu yangu ndiyo kwanza anaketi kwenye kitanda cha kamba barazani. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Mkewe alikuwapo, na wanawe wawili wakubwa walikuwapo, na majirani wawili waliokuja kumwuliza hali. Nilitaka kungoja wale majirani waondoke. Kisha nikakumbuka kwamba siku nilipomvunjia heshima sikungoja mtu yeyote aondoke. Nilitoa salamu, akaitikia. Nikasema, "Ndugu yangu, siku ya hitima ya baba nilikukosea mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe."

Sikuongeza neno. Wallahi, kuzuia maneno yaliyofuata kulikuwa kuzito kuliko kuyasema yale ya kwanza.

Alinyamaza. Majirani waliangalia chini. Kuku wakapita baina yetu. Mwishowe akasema, "Umekawia, kaka." Nikamwambia, "Nimekawia." Akamwita mwanawe, akamwambia apande mnazi ule wa karibu na jiko, amwangushie baba yake mkubwa madafu mawili.

Nililala pale. Hatukuzungumza mengi; tuliulizana habari za watoto, tukamtaja mama, tukacheka kidogo juu ya maalimu wetu wa chuoni na bakora yake. Alfajiri tulisali pamoja, na baada ya kuleta uradi, ingali giza, yeye mwenyewe bila ya kuulizwa akaniambia, "Kaka, ile minazi 20, niliikomboa mwaka wa pili. Nilikwenda kufanya kazi ya mashua Watamu, nikamlipa yule bwana mpaka senti ya mwisho. Niliiweka rehani ili baba apate dawa, naye hakutaka tukuombe wewe. Nilikuwa nangoja uniulize."

Yeye alikuwa akingoja nimwulize, nami nilikuwa nikingoja aniombe msamaha. Miaka 9 minazi ile ilikuwa huru, imezaa na kuangusha nazi, na mimi katika karatasi yangu ilikuwa bado ni rehani. Nilipokuwa njiani kurudi Mombasa niliichana. Lau ningaliisoma jioni ile, ningalimtuhumu kwa deni lililokwisha kulipwa, tena deni la dawa ya baba yangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, huenda nawe una mtu ambaye hamwamkuani. Sitaki kukuhukumia, maana sijui kisa chako. Nakuomba tu uligawe jambo lako mafungu mawili: lile lililo juu yako, na lile lililo haki yako. La kwanza lipeleke leo. La pili liache linyeshewe na mvua ya mwaka mmoja; pengine utakuta lilikwisha kulipwa. Kwa kuwa mazoea hayaachi, nimelifunga jambo hili kwa beti mbili:

Neno la haki ni tunda, huiva lili mtini,
Atakaye kulitunda, na angoje kivulini,
Pupa ni mbegu ya inda, huota mtu moyoni,
Ulimi ukikushinda, utajuta maishani.

Na subira ina mwisho, si ya milele daima,
Ajali haina kesho, haigongi kwa heshima,
Usijitie vitisho, mwendee nduguyo hima,
Machozi yawe ni josho, mshikane kwa salama.